Toba Waliyoniandalia

Mbuthia alipokuja nyumbani kwangu Maringo jioni ya siku ya kazi, akiwa amefunga tai, nilijua ametumwa. Mtu wa rika langu, mtu niliyetahiriwa naye asubuhi moja kwenye baridi ya mto, hafungi tai kuja kuniona mimi. Tai ni ya waliomtuma.

Nilikuwa nasonga ugali wa unga wa njano. Ulikuwa mwaka wa themanini na nne, mvua ilikuwa imetukimbia, na serikali ilikuwa imetuletea ule unga kutoka ng'ambo ikatuambia tushukuru. Sikuinuka. Nilimwonyesha kiti kwa mwiko.

"Karibu, mzee wa kanisa."

"Usiniite hivyo, Wanyoike. Mimi ni Mbuthia tu."

"Mbuthia tu hafungi tai."

Alicheka kidogo, halafu akaacha. "Wacuka hajarudi?"

"Yuko wodini. Si ninyi mmemtuma huko?"

"Bado hatujamtuma," akasema. "Hilo ndilo lililonileta."

Wacuka ni mtoto wangu wa pekee. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, ikaja Emajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni, na wakubwa wa wakati ule hawakuona sababu ya mimi kujua zaidi. Yeye alisoma mpaka yunivasiti. Akawa mwalimu wa wasichana wa sekondari, na mshahara wake ulikuwa wa kutosha watu wawili. Halafu, mama yake alipokufa, akaacha kazi ile akaingia chuo cha theolojia kusomea digrii ya pili ili awe kasisi wa hospitali. Sikuelewa. Nilimuuliza, digrii ya pili ya kushika mikono ya wagonjwa? Akaniambia, baba, kuna namna ya kuishika.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa vitabu. Wa pili ulikuwa wa wodi. Akitoka kwa mgonjwa alikuwa akiandika mazungumzo yao yote neno kwa neno, kisha anayasoma mbele ya wenzake wa darasani, nao wanamchambua kama kuku.

"Hata mgonjwa akikohoa unaandika?" nilimuuliza siku moja.

"Hata akikohoa. Na mimi nilifanya nini alipokohoa."

"Ulifanya nini?"

"Nilianza kuomba. Mwalimu akaniuliza, ulikuwa unamwombea yeye au ulikuwa unaogopa kikohozi?"

Nilicheka siku hiyo. Tangu mama yake, Wacera, afe sikuwa nimecheka sana.

Sasa Mbuthia alikuwa amekaa pale, kofia juu ya goti, akinieleza sheria. Mtu akimaliza mafunzo yale, digrii peke yake haimpi kazi. Lazima siku ya kuwekwa wakfu kanisa lake lisimame naye: mchungaji wake na wazee wake. Wasiposimama, hana wodi. Na Mchungaji Naftaly alikuwa amesema hasimami.

"Kwa nini? Amefanya nini mtoto wangu?"

"Yeye hajafanya kitu. Ni nyumba yake. Naftaly anasema kasisi hawezi kutoka katika nyumba iliyo nje ya Meza ya Bwana."

"Nyumba yangu."

"Nyumba yako. Lakini mlango upo, Wanyoike. Jumapili ya mwisho wa mwezi unasimama mbele, unatubu, unapokelewa. Maneno yenyewe ni machache."

"Maneno gani?"

Mbuthia aliitazama kofia yake. "Kwamba uliishi na mwanamke katika dhambi, bila ndoa takatifu."

Mwiko ulinisimama mkononi. Ugali ukaanza kuungua na sikuuondoa.

"Mbuthia. Mbuzi wa ngurario, yule anayechinjwa ili watu wote wajue kwamba huyu sasa ni mke wa mtu, mbavu zake alikula nani?"

"Wanyoike..."

"Alikula nani?"

"Nilikuwa kijana."

"Ulikuwa na njaa! Na uliomba nyingine. Ulipokuwa unatafuna hukuniambia ni nyama ya dhambi."

Aliinuka akavaa kofia. Mlangoni aligeuka, na kwa mara ya kwanza aliongea kama Mbuthia. "Mimi nilitaka uambiwe na mtu aliyekula ile mbavu. Ningekaa kimya wangemtuma mwingine."

Ni kweli sikufunga ndoa ya kanisa. Mimi na Wacera tulioana mwaka wa hamsini na saba, ndani ya kijiji cha Emajensi chenye mtaro na miti iliyochongwa, na mchungaji wa siku zile alitaka pete, gauni jeupe na karamu. Nilikuwa na mbuzi. Sikuwa na pete. Baadaye tulipokuja Nairobi nikawa fundi wa cherehani, nikaweza kununua pete, lakini nikasema sinunui: kwani miaka yote hiyo nilikuwa nimelala na nani? Kwa hiyo tukawekwa nje. Mimi nilikaa nje kwelikweli. Wacera hakukaa. Alikwenda kila Jumapili, akaketi benchi la nyuma, na siku ya Meza mkate ulipopitishwa ulimpita kama mtu anayepita karibu na mti. Miaka ishirini. Akirudi nyumbani nilimuuliza, wamekupa nini leo? Ananijibu, nyimbo.

Alipokufa, Naftaly hakuja makaburini. Utaratibu ni huo: aliye nje ya Meza, jeneza lake haliingii kanisani na mchungaji hashiki udongo. Wazee wawili walikuja Lang'ata wakasimama mbali, chini ya mwavuli, na hapakuwa na mvua. Udongo wa kwanza niliushika mimi mwenyewe. Sikujua maneno yake. Niliutupa tu.

Na sasa Naftaly yuleyule alitaka nimzike Wacera mara ya pili, kwa mdomo.

Wacuka aliporudi usiku ulikuwa haujaingia vizuri. Alivua viatu, akanusa hewa.

"Ugali umeungua."

"Umeungua."

Aliketi mbele yangu. Hakuuliza. Alikaa tu akinitazama, mikono mapajani, kichwa kimeinama kidogo upande mmoja, na kimya kikawa kirefu mpaka nikasikia redio ya jirani.

"Usinifanye mgonjwa," nikamwambia.

"Sijasema kitu."

"Ndiyo hivyo! Hivyo ndivyo mnavyofundishwa. Mnanyamaza mpaka mtu ajitapike."

Alitabasamu, lakini macho hayakutabasamu. "Mzee Mbuthia amekuja."

"Nani amekuambia?"

"Nimekutana naye stejini, amefunga tai." Akavuta pumzi. "Baba, mimi nilijua tangu mwezi uliopita. Mchungaji aliniita ofisini."

"Ukanificha?"

"Nilikuficha."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ungekataa, au ungekubali. Na yote mawili nayaogopa."

Niliondoka pale nikaenda dirishani. Nilitaka kupiga kitu na hapakuwa na kitu changu ambacho hakikununuliwa kwa shida. Nikamuuliza bila kugeuka, "Hiyo kazi unaitaka?"

"Naitaka. Siwezi kukudanganya. Sijawahi kutaka kitu kingine hivi."

"Basi niombe nikatubu."

"Sikuombi."

"Niombe, nikukatalie! Au niombe, nikubali. Lakini useme!"

"Baba, sikuombi," akasema, na akaenda kusugua sufuria.

Ningekuwa na mtoto mjinga mambo yangekuwa rahisi. Angelia, angenilaani, ningejua pa kushika.

Barazani kwangu pale Eastleigh, ninaporekebisha cherehani za mafundi, ni mbele ya duka la vitambaa la Jimale. Ananitoza kodi ya maneno tu, na maneno anayo. Nilimweleza yote huku nimeinamia mashine iliyokwama uzi.

"Sasa wewe tatizo lako liko wapi?" Jimale akaniuliza. "Sisi mtu akifa, hakuna anayeuliza alioa namna gani. Anaoshwa, anasaliwa, jua halijazama yuko chini. Lakini ninyi mna wenyewe. Wenyewe wanataka maneno, wape maneno. Wacera yuko kwa Mungu. Unadhani anasikiliza maikrofoni ya Naftaly?"

"Ni rahisi kusema."

"Ni rahisi kwa sababu ni maneno! Mtoto apate kazi yake. Wewe utakwisha, kazi itabaki."

"Jimale. Wakikuambia usimame msikitini useme mama wa binti yako Luul alikuwa mwanamke wa dhambi tu uliyekaa naye, Luul apate kazi, utasema?"

Alikuwa anampimia mteja kitambaa kwenye ile fimbo ya yadi. Akapima kipande kilekile tena, kisha tena, mpaka mteja akamwambia, mzee, hapo umeshapima.



Mwanamke mmoja mrefu mwenye miwani alikuja barazani Ijumaa, kabla ya ile Jumapili. Nilidhani ana cherehani mbovu. Akaniambia jina lake ni Khalayi, anamfundisha Wacuka.

"Wewe ndiye daktari wa hao makasisi," nikamwambia. "Basi una madaraka. Mwambie Naftaly asimame na mtoto."

"Mzee, mimi nafundisha. Kusimama naye si juu yangu. Nimeandika, nimekwenda, nimekaribia kupiga magoti. Wananiambia chuo ni chuo na kanisa ni kanisa."

"Kila mkubwa ana mkubwa wake wa kumsingizia."

"Ni kweli," akasema, na hakukasirika. Hilo lilinikera zaidi. Niliendelea kupaka mafuta mashine.

"Amekutuma?"

"Hajui nimekuja, na akijua hatanisemesha wiki nzima. Sikuja kukuambia ufanye nini. Nimekuja kukuambia kitu kimoja ambacho yeye hatakuambia. Mwezi wake wa kwanza wodini, alifika kwa mama mmoja aliyekuwa amegeukia ukuta. Alitoka mbio. Nilimkuta nyuma ya jikoni anatapika. Aliniambia mama yake alikufa vile, amegeukia ukuta, na hakuna mtu yeyote wa kanisa aliyewahi kuvuta kiti. Nilidhani ameshindwa, nikajiandaa kumwondoa. Kesho yake alirudi kitanda kilekile akavuta kiti, akakaa. Yule mama hakugeuka. Wacuka alikaa mpaka nikaenda kumwambia sasa inatosha." Akavua miwani. "Wanafunzi wangu wengine wanafika kitandani Biblia imeshafunguliwa. Yeye anavuta kiti. Nimefundisha miaka mingi, mzee. Hicho sikumfundisha mimi."

Alipoondoka nilikuwa nimeshapaka mafuta mengi mno, yakawa yanachuruzika mezani. Wacera alikufa asubuhi. Wakubwa wa wodi walikuwa wamenituma mjini kutafuta dawa ambayo hata wao walijua haitasaidia, kwa sababu hawakutaka kuniambia. Niliporudi na dawa mkononi, godoro lilikuwa limekunjwa. Sikuwahi kujua aligeukia wapi.

Usiku ule niliamua. Nitasema. Maneno ni machache, Mbuthia alisema, na Jimale alisema ni maneno. Nimemeza mengi ya wakubwa: kipande cha mkoloni shingoni, amri ya kutotoka nje, unga wa njano. Nitameza na hili, mtoto avute kiti chake.

Jumapili nilivaa koti. Wacuka alipoliona alisimama katikati ya chumba.

"Unakwenda wapi?"

"Kanisani. Kwani ni lako peke yako?"

"Baba."

"Ulisema huniombi. Basi hujaniomba. Twende."

Alitembea hatua moja nyuma yangu kama mtu anayesindikiza mzigo unaoweza kudondoka.

Kanisa lilikuwa limejaa. Habari za toba zinavuta watu kuliko mahubiri. Baada ya wimbo, Naftaly aliniita mbele. Nilisimama pale, kifua kikinipiga kama cherehani iliyoachwa bila kitambaa. Mbuthia alikuwa benchi la wazee, anatazama viatu vyake. Wacuka alikuwa safu ya tatu.

"Ndugu yetu Wanyoike ana neno," Naftaly akasema, akanisogezea maikrofoni. Alikuwa mpole. Siwezi kusema hakuwa mpole. Hao ndio wabaya zaidi.

Nikaanza. "Mimi, Wanyoike, natubu mbele ya Mungu na mbele ya kanisa hili. Niliishi na Wacera..."

Naftaly alinigusa kiwiko. "Hatutaji majina, mzee," akaninong'oneza, lakini maikrofoni ililibeba neno lake likaenda mpaka nje. "Sema, mwanamke."

"Niliishi na Wacera, miaka ishirini na..."

"Mwanamke," Naftaly akasema. "Ni utaratibu tu. Ni wa kila mtu."

Mtoto mmoja alilia akazibwa mdomo. Nilimtafuta Wacuka kwa macho, na nikamwona ameshika benchi la mbele yake kwa mikono miwili. Nikafikiri, huyu amekaa na watu wanaokufa asikimbie, na mimi nashindwa na neno moja. Nikafumba macho.

"Niliishi na mwanamke," nikasema, na sauti yangu ikanirudia kutoka kwenye spika kama sauti ya mtu mwingine, "bila ndoa takatifu, katika..."

"Basi."

Nilifumbua macho. Wacuka alikuwa amesimama. Hakupiga kelele. Alitoka kwenye safu, watu wakikunja magoti kumpisha, akaja mbele mpaka akasimama karibu nami.

"Wacuka, keti," Naftaly akasema. "Hujaitwa."

"Najua sijaitwa."

"Mzee wako bado hajamaliza."

"Ndiyo maana nimekuja."

Naftaly alifunika maikrofoni kwa kiganja. Kwa karibu niliona jasho juu ya mdomo wake. "Binti, fikiri. Limebaki neno moja. Ukimtoa hapa, siku ile hatusimami na wewe. Si mimi, ni wazee wote. Miaka miwili yako inakwenda na maji."

"Nimefikiri, mchungaji. Nimefikiri mwezi mzima."

Mimi nilimshika mkono. Nilikuwa na hasira naye, naapa, kuliko niliyokuwa nayo kwa Naftaly. "Kaa chini! Niache nimalize. Limebaki moja tu, nimeshafika!"

"Hilo moja ndilo sitaki kulisikia, baba."

"Nalisema kwa ajili yako!"

"Najua. Kila kitanda nitakachokaa kando yake nitalisikia." Akanivuta taratibu, kama anavyomwinua mtu aliyelala siku nyingi. "Twende."

Tukatoka katikati ya kanisa. Hakuna aliyetuimbia. Mbuthia alinyanyuka nusu kwenye benchi lake, tako hewani, hakukaa wala hakusimama, na hivyo ndivyo nilivyomwacha.

Barabarani nilimgombeza mpaka tukafika Jogoo Road. Nilimwambia amenivua nguo mbele ya watu halafu akanizuia kuvaa. Nilimwambia nimetema jina la mama yake nikameza lao, na sasa nimepoteza yote mawili, jina na kazi. Hakunijibu. Hakunyamaza kile kimya chake cha wodini. Alinyamaza kwa sababu alikuwa analia, na alikuwa hajui kulia vizuri huku anatembea.

Jumanne Khalayi alileta habari. Wazee wamekataa, chuo kimesikitika, na hospitali inataka beji yake irudishwe. Digrii atapewa. Wodi hatapewa. Hakuna aliyekosa, kila mmoja amefuata utaratibu. Wacuka aliitoa beji kwenye gauni, akampa, wakakumbatiana pale mlangoni, na mimi nikaingia jikoni ili nisiseme nililokuwa nalo kinywani.

Kesho yake niliamka nikamkuta anapika uji. Akaumimina kwenye thamosi, akafunga kifuniko.

"Wa nani?"

"Kuna mgonjwa anaitwa Batulo. Ametoka Garissa, hana mtu Nairobi. Nilimwambia nitarudi."

"Umefukuzwa."

"Nimefukuzwa ukasisi, baba. Saa ya kuona wagonjwa ni ya kila mtu."

Sijui ni nini kilichonifanya nivae koti lile tena. Tulisimama kwenye foleni getini, pamoja na wanawake wenye vikapu na wanaume wenye machungwa kwenye karatasi za gazeti. Jua lilikuwa kali. Askari wa geti alimjua.

"Mwalimu! Leo beji iko wapi?"

"Leo mimi ni mgeni."

"Mgeni wa nani?"

"Wa Batulo. Kitanda cha dirishani."

Askari alimtazama, akatazama thamosi, akatazama nyuma yake kama anatafuta mkubwa wa kumuuliza. Hakuwepo. Akampisha. Halafu akaninyooshea rungu kifuani.

"Na wewe, mzee? Mgeni wa nani?"

"Wa huyohuyo Batulo."

"Ni nani wako?"

Watu nyuma yangu walikuwa wanasukuma. Wacuka alikuwa ameshapita, amegeuka, ananingoja. Ndani niliona ule ukuta wa kijani ambao sikuwa nimeuona tangu nishike ile dawa isiyokuwa na kazi.

"Nimekuja kuvuta kiti," nikamwambia.

Hakunielewa, lakini alichoka kuniuliza. Akashusha rungu. "Ni saa moja tu, mzee. Kengele ikilia na uko ndani, mimi mwenyewe nitakuja kukutoa."

"Njoo," nikamwambia, nikapita.